Kaktusi ya kuchoma kwa mgonjwa wa sukari

SWALI: Daktari, niko na ugonjwa wa sukari na ninakunywa vidonge. Ndugu yangu wa Kindu ameniambia kaktusi iliyochomwa juu ya makala inashusha sukari. Kwenye ua wa lupango letu kuna mmea wa miiba unaofanana nayo. Ukiukata unatoa maziwa. Niuchome? – Mama, Punia

JIBU: Hapana, mama, usiuguse. Mmea wenu huo unaotoa maziwa meupe huenda si kaktusi bali ni wa jamaa ya mnyaa. Utomvu wake unaunguza mdomo na tumbo, na ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Usitegemee moto uondoe sumu. Hata moshi wake unawasha macho. Mtoto akirukiwa na utomvu huo jichoni, mwoshe papo hapo kwa maji mengi safi, robo saa nzima, kisha mkimbize kituo cha afya.

Kaktusi inayoliwa ni dungusi kakati, asili yake Mexico. Ute wake hauna rangi na unateleza. Wamexico huchuma vibapa vichanga, hukwangua miiba yote, hata ile midogo kama vinyweleo, hupaka mafuta na chumvi, kisha huchoma hadi kijani kififie na ute ukauke. Huliwa pamoja na maharagi, pilipili na ndimu; ni chachu kidogo. Kwetu Afrika hustawi penye ukame: huko Tigray, Ethiopia, watu wanakula matunda yake, na huko Laikipia, Kenya, mmea huo umevamia malisho. Mvua za Punia zingeweza kuozesha mizizi yake.

Hata hivyo, maneno ya ndugu yako yana ukweli kiasi. Gramu 100 za vibapa vibichi zina kalori 16 tu, nyuzinyuzi gramu 2 na kalsiamu miligramu 160 hivi, ingawa mwili haunyonyi yote. Ute na nyuzinyuzi huchelewesha sukari kuingia damuni. Utafiti mdogo wa Mexico ulionyesha hivyo pale kaktusi ilipoliwa pamoja na chakula. Huo ni msaada wa mlo, wala hauchukui nafasi ya dawa.

Dongodongo la sokoni kwenu lina ute na nyuzinyuzi vilevile. Lipike na lengalenga, mafuta ya mawese kidogo, na upunguze tonge la bugali wa muhogo, maana unapandisha sukari. Vidonge usiviache. Ukitetemeka na kutoka jasho baridi, sukari huenda imeshuka mno: kunywa maji ya sukari mara moja, halafu ukapimwe.