Stendi Kwanza: Mafunzo Niliyopata kwa Darubini Ndogo

Darubini yangu ni ya lenzi. Lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 80 na urefu wa fokasi wa milimita 600. Naitumia Tanga, uani, na majirani wanaokuja kuchungulia huniuliza jambo moja kabla ya salamu kuisha: inakuza mara ngapi? Natamani waulize imesimama juu ya nini.

1. Stendi ndiyo inayoamua utaona nini.

Ukikuza Zohali mara 100, umekuza pia kila mtikisiko mara 100. Kusi ikivuma, mtoto akipita karibu, au mkono ukigusa skrubu ya fokasi, sayari inarukaruka na pete zake zinapotea. Kabla ya kununua, gonga bomba la darubini kwa kidole uangalie picha inatulia baada ya muda gani. Sekunde moja au mbili, chukua. Ikifika nne au tano, iache hapo dukani, kwa maana hakuna lenzi itakayoiponya. Ukiwa nayo nyumbani, usivute miguu yote mpaka mwisho. Kaa kwenye kigoda, fupisha miguu, na utundike mfuko wa mchanga katikati yake. Stendi ya kamera ya picha, hata iwe nzuri vipi, mara nyingi hushindwa, kwa kuwa haikuundwa kubeba bomba refu linalotazama juu.

2. Ushauri wa vitabu vya Ulaya kuhusu stendi hautufai sisi.

Stendi ziko za aina mbili. Moja husogea juu na chini, kushoto na kulia, basi. Nyingine ina mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, ili uifuate nyota kwa kuzungusha skrubu moja tu. Hii ya pili husifiwa sana, na kwa mtu wa London sifa hizo ni za haki. Lakini ncha ya anga huinuka juu ya upeo wa macho kwa digrii zilezile za latitudo ya mahali ulipo. London ni 51 na ushei. Tanga ni 5, kwa hiyo mhimili unalala karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingi za bei nafuu haziwezi kuinama kiasi hicho, na zile zinazoweza, jiwe lake la kusawazisha uzito hugonga mguu wa stendi. Isitoshe, Nyota ya Kaskazini hatuioni, na upande wa kusini hakuna nyota angavu iliyokaa kwenye ncha.

Nawashauri wote wanaoishi karibu na Ikweta wachukue ile ya juu-chini, yenye skrubu mbili za kusogeza polepole. Skrubu hizo si pambo. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo ukikuza mara 120 kwa lenzi ya kawaida, sayari inakatiza uwanja mzima kwa sekunde 100 hivi na kutoweka. Lazima uifuate bila kuitikisa.

3. Anga letu liko utosini.

Hii ni neema. Mshipi wa Orioni hupita karibu kabisa na utosi wetu, sayari nazo hupanda juu sana, mahali ambapo hewa ni nyembamba na picha ni safi. Ila bomba refu likielekezwa juu, sehemu yake ya nyuma hugonga miguu ya stendi, na shingo ya mtazamaji inateseka. Dawa ni mbili: kioo cha pembe cha digrii 90 kabla ya lenzi ya jicho, na nguzo fupi kati ya miguu na kichwa cha stendi. Nguzo hiyo fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuitengeneza kwa bomba la chuma.

4. Lenzi za jicho mbili na Barlow moja zinatosha.

Gawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi ya jicho. Kwangu, lenzi ya milimita 32 inakuza mara 19 hivi. Ya milimita 10, mara 60. Barlow ni lenzi ya kati inayozidisha mara mbili, nayo inanipa 38 na 120. Ningechukua 25 na 10, Barlow ingenipa 48 iliyo jirani mno na 60, na fedha ingepotea. Kikomo cha maana ni kama mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani 160 kwa darubini hii. Sanduku linaloahidi mara 500 kwa darubini ya kipenyo cha 60 linamdanganya mnunuzi.

Lenzi ninayoipenda kuliko zote ni hiyo ya 32, ya muundo wa Plössl. Inaonyesha zaidi ya digrii mbili na nusu za anga, na Kilimia chote kinaenea ndani yake.

5. Fikiria wenye miwani.

Plössl ya milimita 6 inakutaka usogeze jicho hadi milimita 5 hivi kutoka kwenye kioo. Mzee mwenye miwani hawezi. Asiyeona mbali au karibu avue miwani, kisha arekebishe fokasi. Mwenye astigmatizimu abaki nayo. Ndiyo maana kwa ukuzaji mkubwa napendelea lenzi ndefu pamoja na Barlow, au lenzi inayoacha nafasi ya milimita 15 hadi 20.

6. Angalia kipenyo cha shingo ya lenzi.

Kiwe milimita 31.7. Zile za 24.5 zimepitwa na wakati, na kupata za nyongeza ni shida.

7. Kichujio cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, kitupe.

Baadhi ya darubini za bei rahisi huja nacho. Kinakaa pale ambapo lenzi ya mbele inakusanya joto lote, na kikipasuka jicho linaungua papo hapo. Kichujio salama hufunika mdomo wa mbele wa bomba, kimetengenezwa mahususi kwa jua, na hukaguliwa tundu na mikwaruzo kila mara kabla ya kutumika.