Bikari na Upepo: Funzo la Fukushima

Hebu toa bikari kwenye mkebe wako wa hesabu. Chora duara kwenye ramani kukizunguka kituo cha nyuklia, kisha waambie waliomo ndani wahame. Rahisi, sivyo? Haya, soma yaliyowapata wenzetu wa Fukushima, kule Japani.

Tarehe 11 Machi 2011 ardhi ilitetemeka, kisha mawimbi ya tsunami yakakivamia kituo cha Fukushima Daiichi. Umeme ukapotea, mitambo ya kupoza vinu ikasimama, fueli ikayeyuka. Usiku huohuo watu wa kilomita 3 waliamriwa wahame. Alfajiri ikawa kilomita 10. Jioni yake, 20! Tarehe 15, wa kati ya kilomita 20 na 30 wakaambiwa wajifungie ndani. Wako waliohama mara kadhaa; kila wakitua, wanaambiwa bado.

Lakini upepo haujui bikari. Vumbi lenye mionzi lilipeperushwa kaskazini-magharibi hadi Iitate, kijiji ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa nje ya duara la kilomita 30. Wakazi wengi wa Namie walikuwa wamekimbilia upande huohuo, kwani hawakuambiwa upepo unaelekea wapi.

Lililonishtua zaidi ni hili. Kama kilomita 4 na nusu kutoka kituoni palikuwa na hospitali yenye wazee wasioweza kutoka kitandani. Baadhi yao walipakiwa kwenye mabasi, wakasafirishwa kwa zaidi ya saa 10 bila huduma ya maana. Wagonjwa zaidi ya 40 wa hospitali hiyo na makao yake ya wazee walifariki. Si mionzi iliyowaua. Ni safari!

Ndipo mwongozo ukaandikwa upya. Mamlaka mpya ya usalama wa nyuklia iliundwa 2012. Sasa walio ndani ya kilomita 5 huondoka mapema, kabla mionzi haijatoka, na vidonge vya aidini vya kukinga tezi ya shingoni hugawiwa kabla ya hatari. Wa kilomita 5 hadi 30 kwanza hukaa ndani. Huhama pale vipimo vya mionzi vikifika kiwango kilichowekwa. Mgonjwa mahututi huruhusiwa kubaki katika jengo lililokingwa hadi apatikane wa kumhamisha vizuri.

Je, yakaisha? Wapi! Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko lilipiga rasi ya Noto, penye kituo cha Shika. Bahati njema vinu vilikuwa vimezimwa. Lakini nyumba zilianguka na barabara zikakatika. Mtu anaambiwa akae ndani. Ndani ya nyumba gani? Mwongozo ukafunguliwa tena, na 2025 wataalamu wakapendekeza siku 3 ziwe kipimo cha kwanza cha kukaa ndani.

Kwetu Kenya, mpango wa kituo cha kwanza ulipotaja Uyombo, Kilifi, wenyeji waliandamana 2024. Baadaye Siaya nayo ikatajwa.

Zoezi: Fungua atlasi, uchore kilomita 30 kuzunguka Uyombo. Tia alama hospitali, shule na barabara zote. Kisha jibu: kaskazi ikivuma, watu wa Watamu wakimbilie wapi? Na kusi je? Nani atambeba bibi asiyeweza kutembea, na kwa gari la nani? Majibu yaletwe kwenye mkutano wa chama.