SOMO LA IJUMAA: MWISLAMU NA KAZI YA KUOKOA WATU

Ndugu Waislamu wa Burungu na vijiji vya jirani,


Wapo vijana wanaouliza: je, yafaa Mwislamu kujiandikisha kuwa mtu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Kongo, hali fulana yao ina alama ya msalaba? Swali hili ni zito, maana anayekataa huenda akakosekana siku jirani yake amefunikwa na udongo. Basi tulitazame hatua kwa hatua.

1. KAZI YENYEWE. Wanazuoni wanafundisha kwamba kumwokoa anayeangamia ni faradhi ya kifaya: wakiifanya baadhi, wengine wamesalimika, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Wala kujiandaa mapema si kukosa tawakali. Nabii Yusuf (a.s.) aliweka akiba ya nafaka miaka saba kabla njaa haijafika.

2. ALAMA. Alama hiyo ilichaguliwa mjini Geneva miaka ya 1860, nayo ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi. Makusudio yake ni kumwambia mwenye silaha: huyu anatibu, usimpige. Dola ya Uthmania ilianza kutumia Hilali Nyekundu katika vita vya mwaka 1876, na mwaka 1929 hilali ikakubaliwa rasmi katika mkataba wa Geneva. Leo Komoro na Somalia zinatumia hilali. Kenya, Tanzania na Kongo yetu zinatumia msalaba. Na wote ni shirikisho moja. Anayevaa fulana hiyo habadili dini yake.

3. YALIYOTUPATA. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo iliingiza moto ndani ya Goma, na watu kwa malaki wakakimbia. Tarehe 22 Mei 2021 ililipuka tena. Siku chache baadaye watu wakaamriwa kuhama, na wengi wakafika Sake, hapa Masisi. Watoto walipotezana na wazazi, ikabidi waandikwe majina na kutafutiwa jamaa zao. Mwezi wa Mei 2023 mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, yaliua watu zaidi ya 400. Waliobeba na kuzika maiti wengi walikuwa watu wa kujitolea.

Tena kumbukeni Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200, wengi wao katika Kivu ya Kaskazini. Kuosha maiti kwa mikono mitupu kulieneza ugonjwa. Utaratibu wa mazishi salama unaruhusu maiti wa Kiislamu afanyiwe tayammum badala ya kuoshwa. Ni nani atakayeisimamia tayammum hiyo ikiwa hakuna Mwislamu hata mmoja katika kikosi? Hapo utaona kwamba kukaa kwetu pembeni kunatudhuru sisi wenyewe.

4. MASHARTI. Kujitolea si ajira; usiende kwa kutazamia mshahara. Utafundishwa kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika na kubeba majeruhi kwa machela. Utatakiwa pia usiulize kabila, dini wala upande wa majeruhi. Katika Masisi yetu, iliyochoshwa na vita, sharti hili ndilo gumu kuliko yote. Lakini ukilivunja mara moja, umehatarisha wenzako wote, kwa kuwa kinga yao ni kuaminiwa na kila upande. Asiyeweza kumfunga jeraha mtu asiyempenda, asijiandikishe bado. Kwanza aurekebishe moyo wake.

5. LA KUFANYA SASA.
(a) Kijana mwenye nafasi aende kwenye kamati ya Msalaba Mwekundu iliyo karibu, akaulizie mafunzo.
(b) Kila msikiti uandike majina ya wazee, walemavu na wajane wanaoishi penye mteremko, na nani atamtoa nani usiku wa mvua kubwa.
(c) Mkiona ardhi imepasuka juu ya nyumba, miti imeinama, au chemchemi imegeuka tope ghafla, hameni kwanza, muulizane baadaye. Mwadhini atangaze, na tangazo liwe la watu wote, Waislamu na wasio Waislamu.

Ndugu zangu, mlima ukiporomoka hauchagui nyumba. Basi nasi tusichague wa kumfukua.

Wabillahi tawfiq.