Anzia Kwenye Ukurasa: Kujadili Tamthilia za Ibsen na Wanafunzi wa Sekondari

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anapoingia kwenye kipindi cha fasihi ya Kiingereza, mara nyingi mwongozo umekwisha kumtangulia. Ameshakariri maudhui, ameshakariri wahusika na sifa zao tatu tatu. Mwalimu akiuliza Nora wa A Doll's House ni mtu wa aina gani, mikono inapanda, majibu yanatoka, yote yanapata alama, na hakuna aliyelazimika kufikiri. Makala haya yameandikiwa mwalimu anayetaka mazungumzo ya kweli juu ya kitabu cha zamani kilichotoka mbali. Nimechukua tamthilia za Henrik Ibsen wa Norwe kwa sababu zimesomwa sana kwetu. A Doll's House ilikuwa kitabu cha lazima cha KCSE nchini Kenya kwa miaka kadhaa kuanzia 2018, na An Enemy of the People imesomwa kwa muda mrefu na wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita nchini Tanzania.

Swali linalofungua mjadala ni lile ambalo jibu lake limo kitabuni lakini halimo kwenye mwongozo. Kwa hiyo usianze na "ukombozi wa mwanamke". Anza na tarehe mbili.

Katika tendo la kwanza la A Doll's House, Krogstad, aliyemkopesha Nora fedha, anamletea habari ya hati ya mkopo. Miaka iliyopita Nora alikopa kroner 4,800 ili ampeleke mumewe Torvald Italia akapone, na baba yake Nora ndiye aliyetakiwa kutia sahihi kama mdhamini. Baba huyo alifariki tarehe 29 Septemba. Sahihi yake kwenye hati imeandikwa tarehe 2 Oktoba. Waambie wanafunzi wafungue ukurasa huo, wasome kimya kimya, kisha waulize swali moja tu: kuna kasoro gani hapa? Atatokea mmoja atakayehesabu siku na kushtuka kwamba marehemu ametia sahihi siku tatu baada ya kufa. Mwache yeye awaeleze wenzake. Usimnyang'anye ugunduzi wake kwa kumalizia sentensi.

Kutoka hapo mjadala unajiendesha. Wanafunzi wetu wanajua mdhamini ni nani. Wamesikia nyumbani habari za SACCO, za chama cha akina mama, za mtu aliyedhamini rafiki na mshahara wake ukakatwa mpaka deni likaisha. Uliza: Krogstad akienda mahakamani, ana haki? Nora anajitetea kwamba binti anapaswa kuruhusiwa kumpunguzia baba mgonjwa wasiwasi, na mke kuruhusiwa kuokoa maisha ya mumewe. Krogstad anajibu kwamba sheria haiulizi mtu alikuwa na nia gani. Hapo darasa litagawanyika. Wako watakaosema kughushi ni kughushi. Wako watakaosema kwamba sheria inayomwacha mgonjwa afe ni sheria mbovu. Kila upande mpe sharti moja: kila hoja iambatane na ukurasa. Mwanafunzi akisema Nora ni mpenda anasa, aonyeshe wapi. Mwenzake akimjibu kwamba Nora amekuwa akibana fedha za nguo zake na kujifungia usiku kunakili maandishi ya watu ili alipe deni, naye aonyeshe wapi.

Walimu wengi huanza kitabu kwa kipindi kizima cha historia: Ibsen alizaliwa Skien mwaka 1828, alikaa ughaibuni miaka mingi, tamthilia ilichezwa mara ya kwanza Copenhagen Desemba 1879. Mambo hayo ni ya kweli na yana kazi yake, ila yakitangulia huzima hamu ya kusoma. Subiri mpaka mwanafunzi aulize mwenyewe kwa nini Nora hakwenda kukopa waziwazi kwa jina lake. Hapo mpeleke kwenye mazungumzo ya Nora na rafiki yake Kristine, ambako tunaambiwa kuwa mke hawezi kukopa bila idhini ya mumewe. Kisha mwambie kwamba Norwe iliwapa wanawake walioolewa hadhi ya watu wazima kisheria mwaka 1888, miaka tisa baada ya tamthilia kuchapishwa. Tarehe inayojibu swali la mwanafunzi mwenyewe haisahauliki upesi.

Naomba nikae kidogo kwenye sehemu ambayo madarasa mengi huipita mbio. Mwanzoni mwa tendo la pili, Nora anazungumza na Anne-Marie, yaya aliyemlea yeye mwenyewe na sasa anawalea watoto wake. Anamuuliza aliwezaje kumwacha mtoto wake mikononi mwa watu asiowajua. Yaya anajibu bila kulalamika: alikuwa msichana maskini aliyepata matatizo, na kazi ile ilikuwa bahati kwake. Na binti yake? Amemwandikia mara mbili, alipopata kipaimara na alipoolewa.

Barua mbili katika maisha yote ya mtoto. Waombe wanafunzi waisome sehemu hiyo mara mbili kwa sauti, kisha wanyamaze kidogo. Nyumba nyingi za mjini kwetu zinamtegemea dada wa kazi ambaye ameacha mtoto wake kwa bibi kijijini ili alee watoto wa wengine. Mwanafunzi hahitaji maelezo marefu kuielewa hali hiyo. Kinachohitajika ni swali. Mwisho wa tamthilia Nora anaondoka na kuwaacha watoto watatu, na wasomaji tangu 1879 wamekuwa wakibishana kuhusu uamuzi wake huo. Anne-Marie aliondoka pia. Mbona hakuna anayemlaumu? Mbona hakuna anayemsifu? Je, ni kwa sababu yeye ni maskini, au kwa sababu aliondoka ili ahudumie nyumba ya tajiri na si kwa ajili ya nafsi yake? Na Nora mwenyewe anapoondoka anajua watoto wanabaki na nani? Kwa maoni yangu hili ndilo swali zito kuliko yote katika tamthilia hii, nalo huwafikia hata wale wanafunzi ambao ndoa ya Torvald, mkurugenzi wa benki, haiwahusu.

Tahadhari moja ni ya lazima hapa. Darasani wamo watoto ambao mama zao waliondoka, au baba zao, na wamo ambao mama zao ndio dada wa kazi wenyewe. Usimuulize mwanafunzi habari za kwao. Uliza juu ya Nora, Torvald, Krogstad na Anne-Marie tu. Mwanafunzi atakayetaka kuleta jambo la nyumbani alilete kwa hiari yake, na ukiona mtu ameinamisha kichwa, endelea na mwingine, halafu umtafute baada ya kipindi. Mhusika wa kitabu humpa kijana nafasi ya kusema jambo linalomhusu bila kujianika mbele ya wenzake. Nafasi hiyo ilindwe.

Mkifika mwisho wa kitabu, walete wanafunzi kwenye ushahidi mwingine kutoka historia yenyewe. Tamthilia ilipopelekwa Ujerumani, mwigizaji maarufu Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuigiza mwisho ule, akisema yeye asingewaacha watoto wake kamwe. Ibsen, akihofia kwamba mtu mwingine angeandika mwisho mbaya zaidi kwa vile haki zake hazikulindwa huko, akaandika mwisho wa pili: Torvald anamvuta Nora hadi mlangoni pa chumba walicholala watoto, na Nora anaishiwa nguvu na kubaki. Baadaye Ibsen mwenyewe aliulaani mwisho huo kuwa ni ukatili dhidi ya kazi yake. Wasimulie wanafunzi miisho yote miwili, kisha waulize ni upi uliotayarishwa na yale waliyoyasoma tangu ukurasa wa kwanza. Hapo watarudi wenyewe kwenye biskuti za lozi ambazo Nora anazila kwa kificho, kwenye sanduku la barua ambalo ufunguo wake anao Torvald peke yake, na kwenye furaha ya Torvald anapopata hati ile mkononi: anatangaza kuwa yeye ameokoka, mpaka mkewe amuulize, na mimi je? Mwanafunzi anayeutaka mwisho wa Kijerumani ana haki ya kuutetea. Nimewasikia wakiutetea vizuri, kwa kushika jinsi Nora anavyocheza na watoto katika tendo la kwanza.

Suala la lugha linawasumbua walimu wengi. Somo ni la Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo shule nyingine humwadhibu anayetamka Kiswahili darasani. Mimi naona mjadala mzito unahitaji dakika kumi za mwanzo katika lugha ambayo mwanafunzi anafikiria kwayo. Wakae wanne wanne, wabishane kwa Kiswahili, halafu kila kundi lilete hoja yake mbele ya darasa kwa Kiingereza. Kazi ya kuitafutia hoja yako mwenyewe maneno ya Kiingereza ni zoezi la lugha lenye faida kubwa kuliko kukariri aya ya mwongozo. Wala Kiswahili hakishindwi na fasihi ya aina hii. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na ya The Merchant of Venice mwaka 1969, na mabishano ya Shailoki mahakamani yalisomeka vizuri kabisa.

Vikwazo vya darasa navijua: wanafunzi hamsini na zaidi, kitabu kimoja kwa watatu, kipindi cha dakika 40. Usijaribu kujadili tendo zima. Chagua kurasa mbili, wape wanafunzi watatu wasome kwa sauti kama wahusika, na wengine wafuate kwa kidole. Baada ya kuuliza, ngoja. Kimya cha nusu dakika humtisha mwalimu kuliko kinavyomtisha mwanafunzi, na wasichana wengi ambao hawakimbilii kunyoosha mkono huzungumza baada ya kimya hicho. Wale watatu wanaojibu kila kitu wape kazi ya kuandika hoja za wenzao ubaoni.

An Enemy of the People ya mwaka 1882 inahitaji njia nyingine, kwa sababu kiini chake ni mkutano. Daktari Stockmann amegundua kwamba maji ya bafu za tiba zinazoulisha mji yamechafuliwa na viwanda vya ngozi. Kaka yake, ambaye ni meya, anataka habari hiyo izimwe. Katika tendo la nne wananchi wanakutana, Aslaksen mchapishaji anawekwa kuwa mwenyekiti, na daktari anazuiwa hata kuitaja ripoti yake. Ufanyeni mkutano huo darasani. Kila mwanafunzi apewe nafasi mjini: mwenye nyumba ya kupangisha wageni, mhariri, mlipa kodi, mgonjwa aliyekuja kutibiwa. Kisha wapige kura. Kitabuni, mlevi mmoja tu ndiye anayempigia daktari kura ya kumtetea.

Ila msiishie kwenye sifa za shujaa. Stockmann, akiwa na haki kabisa kuhusu maji, anasimama mbele ya watu na kudai kwamba wengi hawawi na haki kamwe, akawafananisha watu wa kawaida na mbwa koko na wenye akili na mbwa wa nasaba. Wanafunzi wengi hawaambiwi hivyo, kwa sababu miongozo inamtaka awe mtu mwema tu. Waulize: mtu anaweza kusema kweli kuhusu bomba la maji na kukosea vibaya kuhusu jirani zake? Hapo ndipo kijana anapoanza kusoma kama mtu mzima.

Baada ya kila mjadala acha dakika kumi za kuandika. Kila mmoja aandike aya moja ya Kiingereza yenye msimamo wake, mahali pa kitabuni panapouthibitisha, na sababu ya kuuchagua mbele ya ule wa mwenzake. Mwalimu wa Kenya anajua kwamba dondoo la Karatasi ya Pili lina alama 25 na insha ya kitabu katika Karatasi ya Tatu ina alama 20, na kwamba dondoo hupenda kuuliza kilichotokea kabla na kinachofuata. Aliyezihesabu siku za Septemba na Oktoba mwenyewe hatapotea hapo. Kusanya aya hizo, na uanze kipindi kinachofuata kwa kusoma mbili bila kutaja majina, moja inayomtetea Nora na moja inayomlaumu, kisha uwaulize wanafunzi ni ipi iliyokitumia kitabu vizuri zaidi.