Chukua Darasa, Lakini Soma Mkataba

Haya wadogo zangu, wiki hii barua ni nyingi ila moja imeniganda. Imetoka Columbus, Ohio. Mwenyewe ana shahada ya uzamili ya baiolojia aliyoipata nyumbani Tanzania, na tangu aingie Marekani analea wazee kwa zamu za usiku. Sasa komyuniti koleji ya karibu imempigia simu: njoo ufundishe baiolojia ya mwaka wa kwanza na sayansi ya mazingira, muhula unaanza mwezi wa nane. Anauliza akubali au akatae. Anaogopa lafudhi yake. Shangazi yake kamwambia koleji si chuo, ni mahali pa walioshindwa. Na mwisho kabisa anauliza avae nini siku ya kwanza.

Tuanze na shangazi tummalize. Komyuniti koleji ni chuo cha umma cha miaka miwili, ada yake nafuu, mlango wake wazi kwa karibu kila mtu. Mwanafunzi akimaliza anahamia chuo kikuu kumalizia shahada, au anaingia kazini na cheti chake. Wauguzi wengi waliokuchoma sindano huko Marekani wamepita hapo. Komyuniti koleji ya Joliet, Illinois, iko tangu mwaka 1901. Na mke wa Rais wa zamani Biden alikuwa akifundisha Kiingereza kwenye koleji ya namna hiyo Virginia huku mumewe yuko Ikulu. Mpe shangazi salamu zangu.

Sasa mkataba, na hapa ukae vizuri mdogo wangu, maana ndipo wasomi wetu wanapoumia kimyakimya kwa furaha ya kuitwa profesa. Kazi uliyopewa ni ya mhadhiri wa muda. Unalipwa kwa kozi, kwa muhula. Bima ya afya mara nyingi haimo. Wanafunzi wakijiandikisha wachache, darasa linaweza kufutwa siku chache kabla ya kuanza, na wewe ulishaacha zamu zako. Kwa hiyo kabla hujasaini, uliza. Saa za maabara zinalipwaje? Vyuo vingi huhesabu saa ya maabara kuwa pungufu ya saa ya mhadhara, wakati maabara ndiyo inayokula siku. Nani anaandaa vifaa: kuna fundi wa maabara, au ni wewe utakayepima chumvi na kuosha vioo saa tatu usiku? Darasa likifutwa, kuna fidia yoyote? Ukiuliza hivyo hawatakuona mkorofi. Wanaoulizwa wamezoea, wasiozoea ni sisi tuliolelewa kuona aibu kutaja pesa.

Kisha chukua kalamu. Jumla ya malipo ya kozi, gawa kwa saa zote: za kufundisha, za kuandaa, za kusahihisha, za kujibu baruapepe za usiku. Linganisha na saa moja ya kulea wazee. Muhula wa kwanza huenda wazee wakashinda, na hilo lisikuvunje moyo, kwa sababu maandalizi ya mara ya kwanza hutayaandaa upya. Ila linakwambia usiache kazi ya wazee sasa hivi. Punguza zamu, na usikubali zamu ya usiku inayoangukia asubuhi ya darasa. Hadubini na usingizi havipatani.

Vyeti je? Vyuo vya eneo lenu kawaida vinataka uzamili wa somo lenyewe, au uzamili wa somo jingine pamoja na krediti 18 za ngazi hiyo kwenye somo unalofundisha. Chako ni cha nje, kwa hiyo watataka kitathminiwe na taasisi inayotambulika, kama WES. Anza leo. Barua ya matokeo kutoka chuo chako cha nyumbani unajua mwenyewe inavyotembea.

Nadhani utakubali. Basi tuingie darasani.

Utakaowakuta si vijana watupu. Kuna mama wa watoto watatu anayetaka uuguzi, kuna baba anayeendesha lori, kuna mtoto wa sekondari aliyeruhusiwa kuchukua masomo ya chuo mapema, kuna Mkongomani aliyemaliza kazi ghalani alfajiri na hajalala. Hawa ukiwafundisha tulivyofundishwa sisi, utawapoteza wiki ya pili. Sisi tulinakili. Mwalimu aliandika ubaoni "osmosisi ni...", tukakariri, mtihani ukaisha na osmosisi ikaishia hapo hapo.

Nenda dukani kanunue kitunguu chekundu. Bandua ile ngozi nyembamba ya zambarau, weka kipande kidogo kwenye kioo na tone la maji, funika, tia chini ya hadubini kwa ukuzaji wa mara 100. Wataona vyumba vya seli vimejaa rangi tele, ukuta kwa ukuta. Sasa dondosha maji ya chumvi pembeni mwa kifuniko, na upande wa pili gusisha karatasi ya kufutia mikono ivute yale maji ya kwanza yatoke. Subiri. Rangi inaanza kujikunyata, inaachana na ukuta, inabaki donge katikati ya chumba. Usieleze kitu. Mmoja atashtuka, atamwita mwenzake aje aone. Hapo ndipo umuulize yule mama wa uuguzi: kwa nini dripu hospitalini ina chumvi asilimia 0.9, kwa nini wasitie maji matupu mshipani? Kaa kimya hata kama kimya kinakuuma. Watafika wenyewe: chembe nyekundu za damu hazina ukuta kama wa kitunguu, kwa hiyo maji matupu yangeingia na kuingia mpaka zipasuke. Mtu aliyefika hapo kwa miguu yake hasahau, na mtihani wa uuguzi utamkuta ameshajibu.

Lafudhi unaipa uzito usiostahili. Maneno ya baiolojia ni Kilatini na Kigiriki, hakuna mwenye kuyatamka kwa lugha ya mama yake humo ndani. Andika neno ubaoni, litamke taratibu, endelea. Baada ya wiki mbili masikio yao yatakuwa yamekuzoea.

Kwenye sayansi ya mazingira, mdogo wangu, ugeni wako ni mtaji. Ohio ina mikasa ya maji ya kufundishia mwaka mzima. Mto Cuyahoga, Cleveland, ulishika moto Juni 1969 kwa mafuta na takataka zilizoelea juu yake, na kisa hicho kikatia nguvu madai yaliyozaa sheria ya maji safi ya mwaka 1972. Agosti 2014 wakazi wa Toledo waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa siku kadhaa, na wasiyachemshe. Wanafunzi wako wengine watakumbuka foleni za maji ya chupa, lakini waulize kwa nini kuchemsha kulikatazwa. Maji yale yalikuwa na sumu iliyotolewa na bakteria wa kijani wanaotanda juu ya Ziwa Erie, na sumu hiyo haifi kwa moto. Ukichemsha, maji yanapungua, sumu inabaki na kukolea zaidi. Na kilichowanenepesha bakteria hao hasa ni fosforasi ya mbolea inayoteremka na Mto Maumee kutoka mashambani.

Sasa toa picha ya gugu maji likiwa limeziba Ghuba ya Winam, Kisumu, boti zimekwama kwenye majani. Weka picha mbili kando kwa kando. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, bakteria wa Erie ni wenyeji, lakini wote wanakula virutubisho vinavyotoka kwa binadamu: mbolea, majitaka, udongo uliomomonyoka. Hilo hakuna mwalimu aliyezaliwa Ohio atakayelisimulia kama wewe. Na akitokea wa kukuuliza Afrika Mashariki inahusianaje na somo hili, mtajie Wangari Maathai: alisoma baiolojia Atchison, Kansas, akahitimu 1964, akachukua uzamili Pittsburgh 1966, halafu 1977 akaanzisha Green Belt Movement kwao Kenya.

Kuna siku utafika kwenye mageuko, na mmoja atafunga daftari akwambie dini yake hairuhusu. Usibishane naye dini, hukuajiriwa kwa hilo. Mpe selimundu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 utafiti alioufanya Afrika Mashariki kuonyesha kwamba aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria, ndiyo maana jeni inayoua ikirithiwa pande zote mbili haijatoweka kwenye nchi za mbu. Darasani mwako huenda wakawemo Wamarekani Weusi wenye ndugu wanaougua. Chora jedwali la mzazi na mzazi, waache wahesabu watoto. Anayetaka kuamini ataamini, ila mtihani ataujibu.

Jambo ambalo hukuliuliza: watu wa nyumbani. Utapata mwanafunzi atakayekuita dada, atakuletea sambusa, kisha ataomba umsogezee alama. Kula sambusa baada ya matokeo kutoka. Halafu mama yake mnayesali naye atakuvuta pembeni Jumapili akuulize mtoto anaendeleaje. Tabasamu, na usijibu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inafunga kumbukumbu za mwanafunzi, na akishaingia chuo haki hiyo ni yake hata kama ana miaka 17 na ada analipa mama. Mwambie, "Mama, muulize mwenyewe, atakueleza." Atanuna kidogo. Kununa kwake hakukufukuzishi kazi, kuropoka kwako kunaweza.

Na nguo. Vaa unachokitaka, kitenge ruksa, ila siku ya maabara viatu viwe vya kufunika vidole, na mtandio uuchomeke vizuri usining'inie juu ya moto. Kandambili ziache kwenye gari.