Mipaka ya Majimbo na Lugha za Watu Katika India

Waingereza walipotawala Bara Hindi kwa kawaida hawakukata mipaka ya majimbo kwa kufuata lugha. Mara nyingi nchi waliyoipata, kwa vita au kwa mapatano, iliongezwa katika jimbo lililokuwa karibu. Hivyo jimbo moja la Madras lilikuwa na wasema Kitamil, Kitelugu, Kimalayalam na Kikannada, na mambo makubwa ya serikali yaliandikwa kwa Kiingereza, ambacho wanakijiji walio wengi hawakukijua.

Chama cha Congress kiligawanya kamati zake kwa lugha tangu mwaka 1920. Lakini uhuru ulipokuja mwaka 1947, nchi ilikatwa pande mbili, India na Pakistan, na damu nyingi ikamwagika. Waziri Mkuu, Jawaharlal Nehru, alichelea kuikata tena.

Wasema Kitelugu hawakukubali kungoja. Tarehe 19 Oktoba 1952 Potti Sriramulu, mfuasi wa Gandhi, alianza kufunga mjini Madras ili watu wake wapewe jimbo lao. Alikufa tarehe 15 Desemba. Fujo zikazuka, na siku chache baadaye Nehru akakubali. Jimbo la Andhra likaundwa tarehe 1 Oktoba 1953.

Hapo wengine nao wakadai yao. Tume ya watu watatu, chini ya Fazl Ali aliyekuwa jaji, ilichunguza madai hayo, na tarehe 1 Novemba 1956 ramani mpya ikaanza: majimbo 14, na sehemu 6 chini ya serikali kuu.

Vijijini mpaka haukuwa mgumu sana kuonekana. Taabu ilikuwa mijini. Katika mji wa Bombay wasema Kimarathi walizidi kila kundi jingine, bali sehemu kubwa ya biashara ilikuwa mikononi mwa wasema Kigujarati, lugha inayojulikana sana madukani Afrika ya Mashariki. Serikali ikaliacha jimbo hilo na lugha mbili, wala hakuna upande ulioridhika. Watu zaidi ya 100 walikufa katika ghasia, wengi kwa risasi za polisi, kabla jimbo halijagawanywa tarehe 1 Mei 1960 kuwa Maharashtra na Gujarat. Mji ukawa wa Maharashtra.

Hata hivyo lugha moja si kifungo cha kutosha. Telangana, iliyounganishwa na Andhra mwaka 1956, ilijitenga mwaka 2014, ingawa pande zote mbili husema Kitelugu. Ugomvi wao ulikuwa juu ya maji ya mito, kazi za serikali na mji wa Hyderabad.