SOMO: MAJI YALIYOFICHIKA KATIKA KINAMASI

Maji si yale tu tunayoyaona mtoni. Mengi yamefichika ardhini. Leo tutajifunza jinsi wataalamu wanavyopima maji ya kinamasi bila kuchimba shimo kubwa. Tutaona pia kwa nini tupime kabla ya kuchimba mfereji.

Mboji ya kinamasi ni nini?

Mahali penye maji mengi, mafunjo na majani yakifa hayaozi yote. Hulundikana kwa maelfu ya miaka, yakawa udongo mweusi, laini kama sifongo. Huo ndio mboji ya kinamasi. Wenzetu wa Rwanda huuita nyiramugengeri. Ukiukamua mkononi, maji hutiririka.

Kazi ya siku moja

Asubuhi mafundi huvaa viatu vya mpira na kubeba mbao za kukanyagia. Hakuna anayeingia peke yake, maana kinamasi humeza mguu.

Kwanza hupigilia vigingi 4 vya chuma katika mstari mmoja. Kila kigingi hufungwa waya unaokwenda kwenye mashine yenye betri. Vigingi 2 vya nje hupitisha umeme ardhini. Vigingi 2 vya ndani huupima. Kabla ya kuwasha, fundi hupaza sauti ili watu wakae mbali. Umeme huo unaweza kudhuru mtu au mnyama.

Kisha vigingi husogezwa mbali zaidi: mita 1, halafu 2, halafu 4, halafu 8. Kadiri vinavyoachana, ndivyo umeme unavyokwenda chini zaidi. Kila namba huandikwa daftarini.

Lakini tuelewe jambo moja. Mashine haisemi, "Hapa pana maji." Inaonyesha tu kama umeme umepita kwa urahisi au kwa shida. Katika mfinyanzi hupita kwa urahisi. Katika mchanga mkavu au mwamba hupita kwa shida.

Kwa hiyo mchana mafundi huhakikisha. Husukuma fimbo ndefu ya chuma chini. Katika mboji huteremka bila taabu. Ikifika kwenye mfinyanzi au mchanga, mkono husikia. Pia husimika bomba la plastiki lenye matundu madogo. Maji huingia humo na kusimama sawa na maji ya ardhini. Fundi huteremsha utepe wa kupimia na kusoma kina. Kipimo cha siku moja hakitoshi. Bomba lisomwe masika na kiangazi, ndipo tutajua kama maji yanashuka.

Tujifunze kwa Rugezi

Rugezi ni kinamasi kikubwa cha mboji kaskazini mwa Rwanda. Maji yake huingia Ziwa Burera, na maji ya ziwa hilo huendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Watu walichimba mifereji Rugezi ili wapate mashamba. Maji yakapungua ziwani. Mvua chache na utunzaji hafifu wa mitambo vikaongeza shida. Kufikia 2004 umeme wa Ntaruka ulikuwa umepungua sana, na nchi ikatumia fedha nyingi kuwasha mitambo ya mafuta. Serikali ikazuia kilimo kinamasini, na baadaye maji yakapanda tena.

Hatuwalaumu wakulima. Mwenye njaa ya shamba atalitazama bonde. Lakini maji yakishuka, mboji hukauka na kusinyaa, na ardhi yenyewe hudidimia. Ikikauka sana huweza kushika moto unaowaka chini kwa chini. Shamba la miaka michache laweza kutunyima kisima cha wajukuu.

Basi, kabla ya kuchimba mfereji bondeni, tuulize: maji haya yanalisha kisima gani? Kiangazi yanashuka kiasi gani? Bomba moja lenye matundu, kijiti chenye alama na daftari vinatosha kuanza kupima. Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika, hiyo ni kazi yetu.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini vigingi husogezwa mbalimbali?
2. Kwa nini mashine peke yake haitoshi?
3. Je, kijijini kwetu kuna bonde lenye maji? Nani atasoma bomba kila mwezi?